Vyombo vya habari vikiungana, Kigoma itabaki na nani wa kuuliza?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu hoja ambayo imejitokeza mara kwa mara magazetini na katika vipindi vya redio vya asubuhi. Hoja hiyo inasema kwamba kununuliwa au kuungana kwa makampuni ya habari, na vilevile ukubwa wa makampuni yanayomiliki mitandao ya kijamii, ni mambo ya wenye hisa na mabenki yao, na kwamba msikilizaji wa kawaida hana cha kupoteza mradi king'amuzi kinaonyesha mpira na bando halijapanda bei. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya sekondari, ninaishi Mwanga hapa Kigoma, na hoja hiyo siikubali hata kidogo. Msikilizaji wa mkoani ndiye wa kwanza kupoteza, na anachopoteza hakionekani katika hesabu za bei. Anapoteza mtu aliye karibu naye ambaye kazi yake ni kwenda kuuliza, kurudi na jibu, na kulisema hadharani kwa jina lake mwenyewe.

Nianze na jambo ambalo kila mkazi wa mwambao huu analikumbuka. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili dagaa, migebuka na samaki wengine wapate muda wa kuzaliana. Sipingi uamuzi huo; samaki walikuwa wamepungua na wavuvi wenyewe walikuwa wakilisema hilo. Ninachotaka kukieleza ni jinsi habari zake zilivyotufikia. Mama anayenunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi na kuwaanika alikuwa na maswali yake: mzigo aliokwisha kuukausha utaruhusiwa kupanda treni, na marejesho ya mkopo wa kikundi yatalipwaje kwa miezi mitatu bila mauzo? Mwenye kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa, wa Katonga alikuwa na yake: nyavu zikikutwa nyumbani zitahesabiwa kuwa kosa, na vijana wake wa kazi watakula nini? Vyombo vikubwa vya Dar es Salaam vilituambia kwamba ziwa limefungwa, na baadaye kwamba limefunguliwa, mambo ambayo tayari tulikuwa tukiyaona kwa macho yetu. Katika magrupu ya WhatsApp zikazunguka sauti zisizo na jina la msemaji, moja ikidai kuwa zuio limeongezwa muda, nyingine ikidai kuwa wenye mitumbwi midogo wamesamehewa, na watu wazima wenye akili zao wakawa wanabishana hadi usiku wa manane juu ya maneno ya mtu ambaye hakuna aliyemfahamu.

Aliyetutoa katika hali hiyo alikuwa mtangazaji wa redio ya hapa mkoani. Alimwita afisa wa uvuvi studioni, akamsomea maswali ya wasikilizaji moja baada ya jingine, akafungua simu, na pale jibu lilipokuwa la kuzunguka akalirudia swali bila woga na bila kukosa adabu. Saa moja ya kipindi kile iliwafaa watu kuliko klipu zote zilizotangulia. Sasa, iwapo kituo kile kitanunuliwa kesho na kampuni kubwa, mnunuzi atakuta masafa, mnara, leseni na jina lililozoeleka. Mtangazaji yule hatamwona katika vitabu vya hesabu isipokuwa katika safu ya gharama, na gharama ndiyo hupunguzwa kwanza.

Huu si woga wa kubuni, kwa sababu Marekani, nchi iliyotangulia katika biashara hii, imekwisha kuyapitia hayo. Mwaka 1996 Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Mawasiliano iliyoondoa kikomo cha idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja ingeweza kuvimiliki nchi nzima. Kampuni ya Clear Channel ya Texas, ambayo kabla ya hapo ilikuwa na vituo vipatavyo 40, ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200 miaka michache baadaye. Faida ya ukubwa huo ilipatikana kwa njia iliyotarajiwa: vipindi vilirekodiwa katika mji mmoja na kurushwa katika miji mingi kana kwamba mtangazaji yupo pale pale, na vituo vidogo vikaachwa viendeshwe na kompyuta usiku. Katika mji wa Minot, jimbo la North Dakota, vituo sita vya redio vya biashara vilikuwa mikononi mwa kampuni hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 2002 treni ya mizigo iliacha reli pembeni ya mji huo, mabehewa yaliyobeba amonia yakapasuka, na wingu la gesi ya sumu likatanda juu ya nyumba za watu waliolala. Polisi walipopiga simu katika kituo kilichotegemewa kutoa tahadhari, hawakupata wa kuwajibu. Mtu mmoja alifariki dunia na mamia waliumia.

Kampuni ilijitetea kwamba laini za simu zilikuwa zimezidiwa na kwamba mtambo wa tahadhari wa polisi haukuwa umewekwa sawasawa, na utetezi huo una uzito wake. Hata hivyo swali lililobaki ni zito zaidi ya utetezi: mji wenye vituo sita vya redio ulikosaje sauti moja ya mtu aliye macho? Sisi tunaoishi mwisho wa Reli ya Kati, ambako mabehewa ya mafuta hupita jirani na makazi ya watu, hatuhitaji kuelezewa maana ya swali hilo. Nasisitiza kwamba Minot haikuwa na upungufu wa vituo. Mtu aliyehesabu masafa angesema mji ule umejaliwa kuliko miji mingi ya ukubwa wake, na ndiyo maana kuhesabu masafa au majina ya vituo hakutoshi kutuambia kama wananchi wana vyombo vya habari.

Kuna hatari ya pili inayofuatana na hiyo. Mwaka 2018 kampuni ya Sinclair, inayomiliki vituo vingi vya televisheni vya miji na majimbo huko Marekani, iliwaagiza watangazaji wake wasome tamko moja lililoandikwa makao makuu, lililoonya juu ya habari za uongo na za upande mmoja. Picha zao zilipokusanywa na kuwekwa pamoja, walionekana makumi ya watangazaji, kila mmoja akiwa na sura yake na jina la mji wake, wakitamka maneno yale yale kwa pumzi ile ile. Watazamaji walikuwa wamewaamini watangazaji wale kwa miaka mingi kwa sababu ni watu wa mji wao, na imani hiyo ndiyo iliyokopwa na mwenye mali bila kuomba ruhusa. Mjadala wa umma unahitaji watu wanaotofautiana. Pale ambapo sauti nyingi zina mwandishi mmoja, wananchi hudhani kwamba jambo limekubaliwa kote, kumbe limesemwa na mtu mmoja.

Wenye kutetea miungano husema kwamba kampuni ikiwa kubwa hupata nguvu ya kulipa waandishi vizuri na kununua vifaa. Wakati mwingine ni kweli, na sitaki kuwaonea. Lakini historia haiwasaidii sana. Muungano wa AOL, kampuni ya intaneti, na Time Warner, kampuni ya habari na filamu, uliotangazwa Januari 2000 kwa mbwembwe nyingi, ulitangaza hasara ya karibu dola bilioni 99 kwa mwaka 2002 peke yake, na makampuni hayo yakatengana mwaka 2009. Time Warner hiyo ikanunuliwa na AT&T mwaka 2018, ikaachwa, ikaunganishwa na Discovery mwaka 2022, na mwishoni mwa mwaka huo CNN, iliyokuwa ndani ya kampuni hiyo, ikapunguza mamia ya wafanyakazi. Mwandishi aliyepoteza kazi hakuwa na sehemu yoyote katika mikataba hiyo.

Na kwetu Afrika? Mwaka 2025 kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha ununuzi wa MultiChoice ya Afrika Kusini, mwenye DStv, ambayo madishi yake yapo juu ya mapaa mengi ya Kigoma kama yalivyo kwingineko nchini. Baraza la Ushindani la Afrika Kusini liliridhia ununuzi huo mwezi Julai kwa masharti: wafanyakazi wasipunguzwe kwa miaka mitatu kutokana na muungano huo, leseni ya utangazaji ishikwe na kampuni ambayo wenye hisa wengi ni raia wa nchi hiyo, na fedha zitengwe kwa ajili ya kazi za watayarishaji wazawa. Natamani kila Mtanzania ayasome masharti yale. Yanaonyesha kwamba mnunuzi mkubwa huweza kuulizwa, na akiulizwa na wenye mamlaka hutoa ahadi zilizoandikwa. Wakati huo huo watazamaji wa nchi nyingine zinazolipia king'amuzi kile kile hawamo katika ahadi hizo, kwa sababu baraza la nchi moja haliwezi kuwasemea raia wa nchi nyingine.

Upande wa mitandao ya kijamii hali ni nzito zaidi, kwa kuwa huko kinachomilikiwa ni njia yenyewe ambayo mazungumzo yetu hupitia. Facebook ilinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, na mwaka 2014 ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Serikali ya Marekani ilifungua kesi mwaka 2020 ikitaka manunuzi hayo yatenguliwe, na mwezi Novemba 2025 Jaji James Boasberg akaamua kwamba kampuni hiyo, ambayo sasa huitwa Meta, haikuthibitishwa kuwa na ukiritimba, kwa kuwa inashindana na TikTok na YouTube. Kwa mizani ya biashara ya Marekani uamuzi huo una mantiki yake. Lakini hapa Kigoma TikTok haichukui nafasi ya WhatsApp. Taarifa ya mwenyekiti wa mtaa, kikao cha wazazi, bei ya dagaa kutoka Kibirizi kwenda Dar es Salaam, tangazo la msiba, ujumbe wa ndugu aliyeko Kalemie au Bujumbura, vyote hupita WhatsApp. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa takriban saa sita kwa hitilafu ya kiufundi, njia zote tatu zilikatika kwa pamoja kwa sababu mwenye nazo alikuwa mmoja. Twitter nayo ilinunuliwa na mtu mmoja, Elon Musk, mwezi Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, akaibadilisha jina kuwa X, akabadilisha kanuni zake, na hakuna bunge duniani lililoulizwa.

Naomba msomaji atazame pia yaliyoipata Canada, maana yanaunganisha pande mbili za hoja yangu. Mwaka 2023 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni makubwa ya mtandao yavilipe vyombo vya habari kwa habari zao. Meta ilijibu kwa kuziondoa habari zote katika Facebook na Instagram nchini humo kuanzia mwezi Agosti. Katikati ya mwezi huo huo moto wa misitu ukausogelea mji wa Yellowknife, na wakazi wapatao 20,000 wakaamriwa kuondoka. Watu walikuwa njiani na familia zao, wakitafuta kujua barabara ipi imefungwa, na kiungo cha habari kutoka chombo cha habari cha mji wao hakikuweza kuwekwa Facebook, mahali ambapo walikuwa wamezoeshwa kwa miaka kukikuta. Serikali ya Canada ililalamika. Kampuni haikubadilisha msimamo. Minot ilikuwa na vituo visivyo na mtu. Yellowknife ilikuwa na waandishi wanaofanya kazi yao usiku na mchana, na njia ya kuwafikia watu ikawa imefungwa na mwenye njia, kwa sababu ya ugomvi wa malipo ambao wakimbizi wa moto hawakuwa na sehemu yake.

Nani basi anayesikiliza kinachosemwa kwa Kiswahili katika mitandao hiyo? Kwa miaka kadhaa kuanzia 2019 sehemu ya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa lugha za ukanda wetu ilifanywa Nairobi na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama, ambayo iliiacha kazi hiyo mwaka 2023. Baadhi yao, akiwamo Daniel Motaung, walikwenda mahakamani wakilalamikia malipo na madhara ya kiakili waliyoyapata kwa kutazama ukatili siku nzima. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema zinayo. Nawashukuru majaji wale kwa moyo wote. Lakini fikiria ujumbe wa chuki ulioandikwa kwa Kiha au Kirundi, lugha mbili zinazosikilizana pande zote za mpaka wetu. Mtu akiuripoti hupokea baada ya muda mfupi jibu lililotayarishwa, likimwambia kwamba ujumbe haukukiuka kanuni, na hakuna dalili yoyote kwamba aliyeusoma anaijua lugha hiyo. Kasulu na Kibondo, wilaya ambazo kwa miongo mingi zimewapokea wakimbizi na ambako uhusiano wa wenyeji na wageni unahitaji kutunzwa kwa maneno ya busara, haziwezi kuachiwa jibu la namna hiyo.

Watu wa Kigoma tunajua kutoka kwa majirani zetu kwamba neno linalorushwa hewani huua na huokoa. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 wahusika wa redio RTLM na gazeti la Kangura kwa sehemu yao katika mauaji ya kimbari ya 1994. Miaka kumi na miwili baadaye, mwezi Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi nchini Burundi, vituo vya redio binafsi vilivyosikilizwa zaidi, vikiwamo Radio Publique Africaine, Bonesha na Isanganiro, vilishambuliwa na kunyamazishwa ndani ya siku mbili. Katika majuma yale maelfu kwa maelfu ya watu walivuka na kujazana katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa mkoa wetu, ambako kipindupindu kikawakuta. Walikimbia hofu ya kweli. Walichokikosa ni sauti wanayoiamini ya kuwaambia barabara ipi ni salama, wapi kumetulia na wapi bado. Katika pengo lile waandishi wa Burundi walianzisha SOS Médias Burundi wakitumia mitandao ya kijamii, na Warundi wengi wakapata habari zao kwa njia hiyo. Nalitaja hili kwa makusudi, ili isidhaniwe kwamba naichukia mitandao. Mitandao ilifanya kazi njema pale kwa sababu nyuma yake walikuwapo waandishi wenye mafunzo, waliotoka katika vyumba vya habari vilivyojengwa kwa miaka mingi mjini Bujumbura. Waandishi wale wasingekuwapo, simu zingebaki na uvumi mtupu.

Hapa nyumbani tulianza na Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake, kisha sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi, na leo kuna redio hadi ngazi ya wilaya. Ni maendeleo makubwa na nimeyashuhudia. Lakini sheria zetu za sasa huangalia mambo mawili tofauti katika ofisi mbili tofauti. Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, huangalia kama muungano utaua ushindani sokoni. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) huangalia leseni, masafa na mabadiliko ya wenye hisa. Katikati yao kuna swali ambalo halina mwenyewe: baada ya ununuzi huu, mkoa wa Kigoma utabaki na waandishi wangapi?

Na kwa heshima yote kwa Serikali yangu, siwezi kulalamikia swichi iliyoko California, yalipo makao ya Meta, nikanyamaza juu ya iliyoko nyumbani. Mtandao wa X ulifungwa nchini mwezi Mei 2025, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Siku zile tulielewa kwa vitendo jinsi ambavyo tumeziweka habari zetu zote katika njia moja. Wenye watoto wanaosoma vyuo vya mbali walikaa bila kujua hali zao, na pale njia iliporudi, uvumi wa siku zote hizo ulimiminika kwa mara moja na kuwachanganya watu zaidi. Uwezo wa kunyamazisha mazungumzo ya taifa zima, uwe wa kampuni au wa dola, unahitaji kuwekewa masharti yanayojulikana, muda unaojulikana, na mahakama ya kuuhoji.

Turudi kwenye miungano. Ninachopendekeza ni kwamba kabla muungano au ununuzi wowote wa chombo cha habari haujaridhiwa, waombaji watakiwe kueleza kwa maandishi, mkoa kwa mkoa, wana waandishi wangapi wa ajira leo, watabaki wangapi baada ya mwaka mmoja na baada ya mitatu, vipindi vya saa ngapi kwa siku vitatengenezwa mkoani humo, na nani atakayekuwa studioni usiku wa dharura. Majibu hayo yachapishwe, wananchi wa mikoa inayohusika wasikilizwe katika mikoa yao wenyewe badala ya kuitwa Dar es Salaam au Dodoma, na ahadi zigeuzwe kuwa masharti ya leseni ambayo yakivunjwa leseni inarudi mezani. Hili si geni duniani. Sheria ya Uingereza humruhusu waziri kuingilia ununuzi wa chombo cha habari kwa ajili ya kulinda wingi wa sauti, na mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliona kwamba kampuni ya familia ya Murdoch, wenye magazeti nchini humo, kuimiliki kampuni ya televisheni ya Sky yote kungekuwa kinyume cha maslahi ya umma, kwa kuwa familia hiyo ingekuwa na nguvu kupita kiasi juu ya habari. Ujerumani huchukua asilimia 30 ya watazamaji kwa mwaka kuwa mpaka ambao kampuni moja ya televisheni ikiufikia huhesabiwa kuwa na nguvu ya kutawala maoni ya watu. Sisi tunaweza kuweka kipimo chetu kinachofuata hali ya nchi yetu, ambamo umbali kutoka makao makuu ndio tatizo kubwa.

Kuhusu makampuni ya mitandao, nchi moja haina uzito wa kutosha, na hapo ndipo ninapoiona kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mamlaka yake ya Ushindani, yenye makao Arusha, ilianza kupokea maombi ya miungano mwezi Novemba 2025. Nchi nane zikizungumza kwa pamoja zinaweza kuyataka makampuni hayo yawe na ofisi inayojibu ndani ya Jumuiya, na watu wanaosoma Kiswahili, Kiha, Kirundi, Kinyarwanda na lugha nyingine za ukanda huu, na yatoe taarifa kila mwaka kuhusu malalamiko waliyoyapokea kwa kila lugha na hatua walizozichukua.

Nakiri kwamba kipimo hiki cha kuhesabu waandishi peke yake hakitamlipa mshahara mtangazaji wa Kigoma. Redio za mikoani ni maskini. Kwa miaka mingi mkoa huu uliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, na kituo kilichotaka kubaki hewani kililazimika kununua mafuta kabla ya kumlipa mtu. Mwandishi wa mkoani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotumika, na hutegemea nauli ya mwenye tukio, hali inayomfanya aone vigumu kumuuliza mwenye tukio swali gumu. Kituo cha namna hiyo kikipata mnunuzi, mmiliki wake hana sababu ya kukataa, na mimi simlaumu. Ndiyo maana halmashauri na taasisi za umma zinapaswa kulipa kwa wakati matangazo zinayoyatoa, jambo ambalo wamiliki wa vyombo wamekuwa wakililalamikia hadharani kwa miaka mingi, na sehemu ya matangazo hayo igawiwe kwa vyombo vyenye waandishi waliopo mkoani, kwa vigezo vilivyoandikwa, ili tangazo lisitumike kama zawadi kwa anayesifu wala fimbo kwa anayehoji.

Mwisho nina ombi kwa gazeti lako, kwa kuwa nalo lina mmiliki na lina mikoa ambayo linaifikia zaidi ya mingine. Naomba mchapishe, katika toleo mtakalolichagua, majina ya wenye hisa wakubwa wa kampuni yenu na idadi ya waandishi mlionao katika kila mkoa, mkibainisha walio kwenye ajira na wanaolipwa kwa habari. Mkifanya hivyo, nitaviandikia barua ya namna hiyo hiyo vituo vya redio ninavyovisikiliza, na nitawaomba walimu wenzangu wa Kasulu, Kibondo na Uvinza wafanye vivyo hivyo kwa vituo vyao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mwanga, Kigoma.